Leo nimeisikia saa ya ukutani

Jamani, usiku huu nimesikia saa ya ukutani ikigonga huku kompyuta imewaka!

Tangu niipandishe kasi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hadi GHz 4.6, feni ya zamani ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Joto la prosesa nyuzi 92, na mwanangu analala chumba hichohicho.

Kipoza cha maji bei yake ilinishinda, na pampu nayo ina mlio wake. Nikachukua kipoza cha hewa, Thermalright Peerless Assassin 120: mabomba sita ya joto, feni mbili za milimita 120. Feni pana inazunguka taratibu na hewa inatosha.

Pasta ya zamani ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ilikuwa imekauka kama chokaa, nimeikwangua polepole.

Sasa nyuzi 74.

Mtoto hajageuka hata mara moja.

Nyie mnatumia kipoza gani?