Vile nilirudishiwa feza yangu kwa biashara ya mguu wa kushoto na mguu wa kulia

Ile feza ilikuwa ya kununua cherehani ya pili. Dola 320, niliiweka kidogo kidogo mwaka mzima, nashona nguo hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, na kazi ilikuwa imeanza kunizidi. Sasa yaya mmoja (mkubwa wangu kwa umri) tunayesali naye akaniambia nije naye mjini kwa konferansi, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, eti kuna biashara ya dawa za majani inayobadilisha maisha ya watu.

Tulikaa kwa ile sali ya hoteli kama saa tatu hivi. Muziki juu, wanaume na tai, watu wanapanda mbele mmoja mmoja wanashuhudia vile walikuwa wanakosa hata nauli ya taksi na leo wanajenga. Nikikumbuka leo, dawa zenyewe zilizungumziwa labda dakika kumi tu, saa zote zingine ilikuwa ni watu, watu, watu. Unaleta mmoja kwa mguu wako wa kushoto, mmoja kwa mguu wa kulia, nao kila mmoja analeta wawili, miguu ikilingana unapata komisyo. Nikaingia. Dola 40 za kujiandikisha, 280 za katoni saba, nikasaini kontra ya Kiingereza ambayo sikuisoma.

Na si mimi tu. Mguu wangu wa kushoto nilimweka mama mmoja wa avenyu yetu, anauza makala (makaa ya kupikia), anaponiona ananiita mwana yangu. Alitoa 120, za kujiandikisha na katoni mbili. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Wiki mbili zikapita, mimi nimeuza katoni moja tu na ni mama yangu mzazi aliyeinunua kwa kunihurumia, ingine niliifungua mwenyewe. Dawa ya meno walikuwa wanatuambia tuiuze dola 9 wakati kwa soko ya Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, ulikuwa unapata dawa ya meno kwa franka 2000, nani atanunua? Nilipomuuliza yule aliyeniingiza akaniambia usipoteze wakati na kuuza, tafuta mguu wa kulia. Nikarudi nyumbani nikachukua kalamu: wawili, wanne, wanane, 16, 32, nikaendelea kuzidisha mara mbili na nilipofika ngazi ya 21 ile ngazi peke yake ilikuwa inataka watu zaidi ya milioni mbili. Hapo umemaliza Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, na watoto wa mgongoni umewahesabu. Papa mkubwa alikuwa amekaa kando yangu, akaangalia ile karatasi akasema, "Hii ni Bindo. Banabadirisha paka jina," ni kusema wanabadilisha jina tu. Wasiojua, Bindo Promotion ilikuwa Kinshasa, wakati wa Mobutu, watu waliweka feza wakiahidiwa itazaa mara nyingi, mwaka 1991 ikaanguka na wale walioingia nyuma wakabaki mikono mitupu.

Kilichonitoa usingizi kabisa lakini ni yule mama wa makala. Nilienda kumwona nikakuta bwana yake, ambaye ana tansyo (shinikizo la damu), ameacha vidonge vya hospitali siku tisa, juu ya wale watu walimwambia kwa konferansi kwamba majani yanatosha. Uso umemvimba, kichwa kinamuuma. Nilimpeleka santre ya afya siku ile ile, wakampima, wakamrudisha kwa vidonge vyake, na nashukuru Mungu alipata nafuu. Njiani nikirudi nikaapa ile feza inarudi.

Kitu cha kwanza, nilimpa mtoto wa dada yangu anayesoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ile kontra anisomee yote, mstari kwa mstari. Ukurasa wa nne akakuta wameandika kwamba katoni ambayo haijafunguliwa unaweza kuirudisha ndani ya siku 30 na wanakata asilimia 10. Hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia! Nikahesabu, nilikuwa siku ya 26. Wewe uliye ndani sasa hivi, kabla hujagombana na mtu yeyote tafuta ile karatasi yako uangalie tarehe.

Yule mtoto alinitafutia pia vile inchi zingine wanafanya na kweli nilikasirika. India, tangu Desemba 2021, kampuni hairuhusiwi kukulipisha ili uingie, na muuzaji hawezi kuja kwako bila miadi na kadi ya utambulisho. Malaysia wana sheria ya 1993 inayokupa siku 10 za kazi kubadilisha mawazo, Ulaya ni 14, Afrika Kusini 5, Marekani 3 kama walikuuzia nyumbani. Na huko Marekani tangu kesi ya mwaka 1975 serikali inauliza swali ambalo hata mama wa makala analielewa: feza ya komisyo inatoka kwa mtu anayenunua dawa aitumie, ao inatoka kwa mtu mpya anayeingia? Mwaka 2016 kampuni kubwa kama Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha namna yake ya kulipa watu. Sasa sisi je? Mimi naomba serikali yetu ilazimishe kontra iandikwe kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na siku za kurudisha zitajwe kwa mdomo mbele ya watu wote, pale pale kwenye sali, kabla feza haijatoka mfukoni.

Avoka (wakili) aliyenisaidia alinionyesha Code pénal, sheria yetu ya makosa ya jinai, kifungu cha 98, escroquerie, ndiyo utapeli, inayogusa hata mtu anayekuzalishia matumaini ya uwongo ili umpe mali yako, na kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi: tarehe, namba ya risiti, ukurasa wa nne wa kontra yao wenyewe, kile kifungu cha 98, na chini kabisa "kopi kwa Division ya Ekonomi, kopi kwa parke", ndiyo ofisi ya waendesha mashtaka. Siku ya 28 nikapakia katoni tano kwa taksi, na ile moja ya mama wa makala ambayo haijafunguliwa, nikaenda biro yao.

Wa resepsioni akakataa kupiga kashe, ule muhuri wa kuonyesha wamepokea. "Feza iko kwa sisteme, haiwezi kurudia." Nikamwambia, "Sisteme haikusaini, ni nyinyi mulisaini. Minaomba kashe tu." Nikakaa. Watu wapya wanaingia kujiandikisha, wananiona na katoni zangu miguuni, wanauliza, nami nawajibu ukweli, sauti ya kawaida tu. Kabla ya saa ya chakula mkubwa wao alitoka mwenyewe, akapiga kashe kwa kopi yangu, akaandika na tarehe.

Ilichukua wiki tatu na kwenda mara nne. Walinipa 180 kwa zile katoni tano, na 36 kwa ile ya mama. Dola 40 za kujiandikisha hazikurudi.

Jioni ile ile nilienda kwake, nikampa 36 zake na nikaongeza 50 kwa zangu. Alizihesabu mara mbili pale kando ya mifuko ya makala, akaniambia, "Mwana yangu, ni wewe uliniingiza, sasa unaleta." Zilibaki 34. Hana haraka nazo, anasema, lakini shule inafungua Septemba na watoto wake wanne wanataka yunifomu, basi nimeshakata kitambaa cha mashati, ya bluu ndiyo nimeanza nayo.