Ubao Mwingine

Wapendwa katika Bwana, Mwanzo sura ya 12 inatuambia kwamba Abramu alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, pamoja na mali na watu aliokwisha kuwapata huko. Hakuitwa atoke katika ufukara. Aliitwa atoke mahali alipokwisha kustawi, na kwangu mimi huo ndio wito mgumu zaidi kuuitikia.

Juma hili nimeutafakari wito huo nikiyasoma maisha ya Xie Jun, mwanamke mchezaji wa sataranji (chesi), aliyezaliwa Baoding, China, mwaka 1970. Alijifunza sataranji ya Kichina, iitwayo xiangqi, akiwa na miaka 6, na alipofika miaka 10 alikuwa bingwa wa wasichana wa Beijing. Hapo ndipo wakuu wa michezo walipomhimiza ahamie sataranji ya kimataifa. Mtoto aliyezoea kete za mviringo zinazowekwa kwenye makutano ya mistari, na mto unaoyatenga majeshi mawili, akajikuta mbele ya ubao usio na mto, ambako kete hukaa ndani ya miraba, askari hula kwa mshazari, na malkia, ambaye katika xiangqi hayupo kabisa, ana nguvu kuliko wote. Naomba tutulie hapa, kwa maana tumezoea kukimbilia habari ya taji: huyu alikuwa bingwa, naye alifundishwa upya jinsi askari anavyosogea.

Taji la dunia la wanawake lilikuja mwaka 1991 mjini Manila, alipomshinda Maia Chiburdanidze, bingwa tangu 1978, kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5, na cheo ambacho tangu 1950 kilikuwa mikononi mwa wachezaji wa Kisovieti kikaenda China. Mwaka 1996 alinyang'anywa na Susan Polgar. Mwaka 1999 akakitwaa tena.

Sidai kwamba Xie Jun aliisikia sauti ya Mungu katika himizo lile. Nasema tu kwamba limenigusa, kwa kuwa baada ya miaka mingi ya kuongoza kwaya, kazi ninayoijua na kuipenda, nimeombwa niwafundishe watoto wa shule ya Jumapili, nami nimekuwa nikiahirisha jibu kwa visingizio vinavyofanana na unyenyekevu. Jana jioni nilimpigia mzee wa kanisa nikakubali. Watoto ni tisa, na somo la kwanza ni safari ya Abramu.