Kibao kisichosomeka: kumbukumbu ya kamera yangu ya helmeti

Siku ya 1

Mradi wenyewe ni mdogo. Nataka kurekodi njia ileile ya baiskeli kila alfajiri kwa mwezi mzima, kamera ikiwa juu ya helmeti, kisha niunganishe vipande vyote ili mtu aone mwanga unavyobadilika siku hadi siku. Nimesharekodi wiki moja na karibu yote haifai. Picha ipo, lakini unaitazama kama mtu aliyevuliwa miwani. Miti imekuwa donge la kijani, na changarawe imelala kama saruji iliyosawazishwa.

Kwenye kona ya pili kuna kibao cha mbao chenye herufi nyeupe. Nikiwa juu ya baiskeli nakisoma tangu mbali, ila kwenye video hakisomeki hata nikiisimamisha fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Basi kibao hicho ndicho kipimo changu. Siku nitakapokisoma kwenye video, mradi unaanza upya.

Siku ya 2

Kabla ya kugusa chochote nimegundua kwamba wiki nzima nilikuwa natazama faili isiyo sahihi. Klipu nilizokuwa nazihukumu ni zile zinazofika kwenye simu kupitia programu ya kamera. Klipu ya dakika moja kwenye simu ina megabaiti 15, na ileile kwenye kadi ina megabaiti 225. Kamera nyingi za aina hii huandika faili mbili kwa pamoja, moja kamili na nyingine ndogo ya kutazamia haraka, na mimi nilikuwa nimeshikilia ile ndogo.

Nimechomoa kadi nikaiweka moja kwa moja kwenye kompyuta. Tofauti ni kubwa: majani yamerudi kuwa majani. Kibao bado hakisomeki, lakini angalau sasa nachunguza tatizo la kweli. Kwa yeyote mwenye malalamiko kama yangu, aanzie hapa. Asihukumu video iliyopita kwenye simu, na zaidi asihukumu iliyotumwa kwa programu ya ujumbe, kwa sababu hizo huibana upya kabla ya kuituma.

Siku ya 3

Leo zamu ya lenzi. Kamera hizi ndogo kwa kawaida hazina fokasi inayosogea. Lenzi imefungwa kiwandani mahali pamoja, na kila kitu kuanzia makumi kadhaa ya sentimita mbele yake hadi upeo wa macho kinatakiwa kuonekana vizuri. Kwa hiyo hakuna fokasi ya kurekebisha. Ama lenzi ni nzima, ama imehama mahali pake, ama kuna kitu mbele yake.

Nimebandika ukurasa wa gazeti ukutani, nje, jua likiwa kali. Nikaweka kamera mezani umbali wa mita moja na kurekodi sekunde kumi bila kuigusa. Lenzi ikiwa imepinda, upande mmoja wa ukurasa husomeka na mwingine hufifia. Wangu umefifia sawasawa pande zote, na weupe wa karatasi umevuja juu ya herufi kama maziwa. Nimekiinamisha kioo cha mbele kwenye mwanga nikaona alama ya kidole gumba, kubwa, ya mafuta, katikati kabisa. Ni mahali ninapobonyeza kila asubuhi ninapoipachika kamera kwenye helmeti.

Nimepuliza vumbi kwanza ili lisikwaruze, kisha nikafuta kwa kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo. Nimerudia jaribio, na hata maandishi madogo chini ya picha za gazeti yanasomeka. Lenzi ni nzima. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya 4

Mvua. Nimetumia kasha la kuzuia maji na dakika ya 9 kioo kimeshika ukungu kwa ndani. Kamera hupata joto inaporekodi, na unyevu ulionaswa ndani ya kasha hugandia kioo cha mbele ambacho ni baridi. Kuanzia sasa nalifunga kasha nikiwa mahali pakavu, na kipakiti cha silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani yake. Kama hakuna mvua, silitumii kabisa.

Siku ya 6

Kioo safi, hakuna kasha, faili kamili, na kibao bado hakisomeki. Sasa nimeisogeza video fremu moja baada ya nyingine, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Herufi za kibao hazikufifia kila upande. Zimevutwa kwa ulalo, upande mmoja tu. Mafuta kwenye kioo hutia maziwa picha nzima. Huu ni mwendo.

Taarifa za klipu zinaonyesha kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ilikuwa 1/30 ya sekunde. Alfajiri mwanga ni haba, na kamera ikiachwa ijiamulie, huiacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu iwezekanavyo. Nimepiga hesabu. Naendesha kama kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde. Katika 1/30 ya sekunde nimeshasogea karibu sentimita 17, na hapo sijahesabu kichwa kinavyotikisika kila gurudumu likigonga jiwe.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichonisumbua tangu mwanzo: kwa nini video inatulia kabisa lakini inaonekana kama inapumua, inafifia na kukaza, inafifia na kukaza. Ni kazi ya mfumo wa kutuliza picha. Unasogeza kila fremu ili mtikisiko usionekane, lakini ule mvuto uliokwisha kuchorwa ndani ya fremu hauwezi kuufuta. Mtikisiko umeondoka, kovu lake limebaki. Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba kasi ya shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu kwa sekunde, yaani 1/60 kwa fremu 30. Ushauri huo ni mzuri kwa kamera iliyo kwenye miguu mitatu. Kwa kamera ya helmeti inayotulizwa kwa hesabu za ndani, naamini unaharibu.

Siku ya 7

Nimefunga shata kwenye 1/240. Mvuto umetoweka, lakini limezuka tatizo jingine. Mwanga umepungua mara nane, kwa hiyo kamera imepandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, kutoka 400 hadi 3200, na chembechembe zimejaa. Kisha programu ya ndani ikajaribu kuzisafisha, ikasafisha na magome ya miti pamoja nazo. Picha inaonekana kama imepakwa rangi ya maji kwa brashi pana.

Nimeshuka hadi 1/120, nikaweka kikomo cha ISO kwenye 1600, na kupunguza ukali ulioongezwa na kamera hadi kiwango cha chini. Vilevile nimechelewa kuondoka kwa dakika ishirini. Hizo dakika ishirini zimenisaidia kuliko mpangilio wowote.

Siku ya 9

Rafiki alisema nibadilishe kadi, na nusura ninunue. Kwanza nikapiga hesabu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 225 kwa dakika ni megabiti 30 kwa sekunde. Kadi yangu ina alama ya V30, maana yake inatakiwa kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, ambazo ni megabiti 240. Nafasi ni tele. Tena kadi ikizidiwa, rekodi hukatika, hukwama au faili huharibika. Haifanyi picha ififie.

Ila hizo megabiti 30 zilinipa wazo. Kwenye menyu kiwango cha data kilikuwa cha kawaida. Nimekiweka cha juu, sasa dakika moja inafika megabaiti 450, na changarawe imeacha kuvunjika vunjika kuwa vijisanduku. Majani, maji na kokoto ndivyo vinavyolemea ubanaji wa video, maana hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia.

Siku ya 12

Asubuhi ya leo: 1/120, ISO isiyozidi 1600, data ya juu, kioo kimefutwa, kamera naishika kwa mbavu zake wakati wa kuipachika. Nimesimamisha fremu kwenye kona ya pili. Mstari wa juu wa kibao unasomeka wote. Mstari wa chini, wenye herufi ndogo, nasoma maneno mawili kati ya manne.

Kesho naondoka dakika kumi baadaye zaidi.