Sindano Nne za Saa Nane

Ushauri wa "tulia nyumbani, hayo ni maumivu ya chango tu" naukataa hadi leo. Mimba ilikuwa na wiki 30 tumbo lilipoanza kukaza na kuachia. Zahanati ya kwanza ilinipa vidonge vya maumivu ikanirudisha nyumbani Likoni. Mavyaa akanikanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Usiku maji yakaanza kuvuja, tukavuka feri hadi hospitali kubwa.

Daktari alisema mapafu ya mtoto bado hayajawa na ute wa kutosha unaozuia vifuko vya hewa kujifunga. Nitadungwa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 mara nne, kila baada ya saa 12, ipite kwenye kondo la nyuma imfikie yeye. Wifi akapiga simu: "Hiyo si steroidi ya wanyanyua vyuma? Mtoto atavimba!" Sivyo kabisa. Ile ya misuli ni aina nyingine. Hii ilijaribiwa kwanza kwa kondoo huko New Zealand, na madaktari wa huko, Liggins na Howie, wakatoa matokeo ya jaribio kwa akina mama mwaka 1972. Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi tano za utafiti wa dawa hii wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2020, na vifo vya watoto wachanga vilipungua.

Nilichofanya, na najivunia: ya kwanza nilidungwa saa nane mchana, basi zote zingeangukia saa nane. Nikachora mistari minne nyuma ya kitabu cha kliniki, nikatega kengele ya simu chini ya mto. Usiku wodi imejaa na manesi wamebadilishana zamu. Simu ikatetemeka, nikajikokota hadi mezani. "Sista, samahani, saa nane imefika." Akafunua faili, akavunja kichupa, akavuta dawa, akanidunga pajani, akatia alama kwenye mstari wangu wa pili. Hakuna iliyorukwa.

Ukiwa na kisukari waambie mapema, dawa hii hupandisha sukari. Homa au maji yenye harufu pia usifiche. Wala usidungwe duka la dawa. Uwe mahali panapoweza kumlea mtoto njiti.



Uchungu ulikaza siku iliyofuata sindano ya mwisho. Binti yangu alilia mwenyewe! Akawekewa oksijeni kidogo, kisha nikamfunga kifuani ngozi kwa ngozi. Nikienda kuoga mavyaa alishika zamu, kwani hata bibi anaruhusiwa.