Printa ikiandika "oflaini" haijafa

Watu wengi mtaani wananunua printa siku hizi, walimu wa tuisheni, wenye vikoba, wanaoanzisha ka-steshenari pale kibarazani, na karibu kila mtu akikwama anasema lilelile, printa imekufa. Haijafa jamani. Mara nyingi ishaandika shida yake kwenye kioo au kwenye laptopu, ila yale maneno hakuna aliyewahi kukaa chini akatueleza, basi fundi anakuja anabonyezabonyeza anachukua hela yake, wiki ijayo tatizo limerudi palepale. Hilo linaniuma kwa kweli maana ni maneno machache tu.

Tuanze na bando. Kuprinti nyumbani hakuhitaji bando. Ruta ina kazi mbili, moja ni kuviunganisha vifaa vya mule ndani vyenyewe kwa vyenyewe (mafundi wanaita LAN, yaani mtandao wa ndani), nyingine ni kuvitoa nje kwenye intaneti. Laptopu ikituma faili kwa printa hiyo safari inaishia ndani ya nyumba, kwahiyo bando likikata usiku na mtihani wa kesho haujachapwa we chapa tu, muhimu vyote viwili viwe kwenye waifai moja. Kuna modeli chache zile za kulipia wino kwa mwezi ndo zinadai intaneti, nyingi hazina habari nayo. Huna ruta? Hotspoti ya simu inafaa, na printa nyingi za sasa zina Waifai Direct, inarusha waifai yake yenyewe, kwenye simu utaona jina linaloanza na DIRECT, unaunga hapo.

Sasa hili la oflaini. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, ana tuisheni nyumbani, umeme ulikatika jioni ukarudi asubuhi akanipigia, "Mwanangu hii mashine imegoma, taa inawaka lakini laptopu inasema haipo." Nikamwambia shikamoo shangazi, hebu itoe ile karatasi ya taarifa za mtandao, ipo kwenye setingi za printa upande wa netiweki. Ikatoka, nikamwambia nisomee palipoandikwa IP, yaani namba ya anwani ya printa kwenye mtandao wa ndani. 192.168.1.23. Kwenye laptopu, kwenye sifa za printa sehemu ya poti, pameandikwa 192.168.1.14. Yaani laptopu ilikuwa inapeleka kazi kwenye namba ambayo printa ishahama.

Hizo namba zinagawiwa na ruta, na huo ugawaji ndo unaitwa DHCP. Ni kama mapokezi ya gesti, kila anayeingia anapewa chumba kilicho wazi, akitoka akarudi kesho anaweza kupewa kingine, na wewe uliyezoea kumgongea chumba namba 14 utagonga mpaka uchoke. Dawa ni kumwekea printa chumba cha kudumu. Unaingia kwenye ruta kwa brauza, unaandika anwani iliyobandikwa chini ya ruta yenyewe (nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile ruta za laini za Huawei mara nyingi 192.168.8.1), unatafuta DHCP, humo kuna sehemu ya kuhifadhi anwani. Itakuuliza MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, usiogope, ni herufi na namba 12 zilizopangwa mbilimbili, ipo kwenye ileile karatasi, na yenyewe haibadiliki kama IP. Ukimaliza, rekebisha namba kwenye laptopu, basi. Shangazi umeme unakatika unarudi, printa yake iko palepale.

Ila karatasi ikionyesha namba inayoanza na 169.254 hiyo ni habari nyingine. Maana yake printa iliomba namba, ruta haikujibu, ikajipa yenyewe. Hapo usihangaike na laptopu, shida ni kati ya printa na ruta, iunge upya kwenye waifai.

Na kuunga upya ndiko watu wanakokwama kwenye 2.4 na 5. Hizo ni bendi za waifai, gigahezi. 5 ina kasi ila kuta zinaizima mapema, 2.4 inafika mbali, na printa nyingi za nyumbani zinaiona 2.4 peke yake, ndo maana unatafuta jina la waifai yako kwenye printa hulioni kabisa wakati simu inaliona. Washa 2.4 kwenye ruta. Ikishaungwa laptopu yako inaweza kubaki kwenye 5 na ikaprinti vizuri tu, ruta ni ileile, mtandao ni uleule. Kinachotenganisha ni ile waifai ya wageni, ukiwa huko printa ya nyumbani kwa kawaida huioni, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, idaunilodi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, achana na tovuti za ajabuajabu. Ukitaka kuprinti moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa simu za Apple tafuta alama ya AirPrint kwenye boksi, ipo tangu 2010, kwa Android tafuta alama ya Mopria.

Halafu foleni. Ukibonyeza printi na karatasi haitoki usibonyeze tena na tena, kila ukibonyeza kazi inaongezeka kwenye foleni na siku ikifunguka zinatoka zote, rimu inaisha hivihivi. Fungua foleni, futa iliyokwama, tuma upya.

Dukani sasa, na hapa nawaomba sana mtulie kabla ya kutoa hela. DPI ni nukta kwenye kila inchi, kwa maandishi 300 inasomeka, 600 ni safi, msilipie zaidi kama kazi ni mitihani. Namba ya kusoma kwa makini ni idadi ya kurasa ambazo katriji ya wino au tona (wino wa unga wa printa za leza) inatoa. Boksi likisema kurasa 1,000, wamepima kwa kurasa ambazo wino unafunika kama asilimia 5 tu, barua fupi hivi. Ukichapa kurasa zenye picha zinazofunika asilimia 20, hesabu 250. Na tona inayokuja na printa mpya mara nyingi haijajazwa kamili, kwahiyo uliza bei ya tona ya pili kabla hujauliza bei ya printa. Maandishi meusi kwa wingi chukua leza. Ukitaka rangi chukua ya matenki unayojaza kwa chupa, ila uwe mtu wa kuitumia, wino wa maji ukikaa muda mrefu bila kazi unakauka kwenye vitundu vya kutolea, kwahiyo hata kama huna kazi toa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.