Nilivyopata masta ya uhandisi kemikali wakati digrii yangu ni kemia tu

Naulizwa sana na vijana wa hapa Nyakato, acha niandike mara moja halafu niwe natuma hii. Mi nilisoma kemia, sio uhandisi, nikamaliza na GPA (wastani wa maksi) ya 3.6 kati ya 5, nikaajiriwa maabara ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara huku Mwanza. Kazi ni kupima klorini kwenye maji ya kuoshea samaki na kupima maji machafu kabla hayajaachiwa, miaka minne hivo hivo. Masta ya uhandisi kemikali nilijua ni ya wale walioanza na uhandisi toka mwanzo.

Kwanza GPA ilinichanganya. Naona chuo cha Marekani kinataka 3.0 nikasema aah nimepita, kumbe yao ni kati ya 4, nikapiga hesabu za kienyeji ile 3.6 yangu ikaja 2.88, nikanywea wiki nzima. Baadae ndo nikaelewa hawafanyi hivo, unaandika GPA yako kama ilivyo na mizani yake, wao wenyewe wanaangalia somo kwa somo, na Kanada vyuo vingi vinataka wastani wa B na vinatazama zaidi miaka ya mwisho. Mwaka wa kwanza nilicheza nikala sapu mbili (mitihani ya kurudia), ila wa pili na wa tatu nilikaza. Ndo nikageukia Kanada.

Kule masta ya uhandisi ina njia mbili, na hapa watu wengi wanapotea. Kuna MEng, hiyo ni madarasa matupu na unajilipia. Kuna MASc, ya utafiti, hiyo kwa kawaida unapewa posho lakini lazima profesa akubali kukusimamia, asipopatikana hata uwe na maksi za malaika unaweza kukosa. Nikaanza kutuma imeili. Arobaini na kitu. Zote zinaanza na "napenda sana utafiti wako", majibu mawili, yote samahani sina nafasi.

Rafiki yangu aliyetangulia kule nikamtumia moja aisome, akanipigia anacheka, "Kaka hii hata mi ningeifuta. Wewe unashinda na maji ya sangara hujayaandika hata mstari mmoja?"

Ukweli ni kwamba sikuona kama ni kitu. Pale kwetu maji ya kuoshea samaki yanakuja na damu na mafuta, na mafuta ya sangara yakipoa yanaganda juu ya shimo kama ugali uliolala, unaweza kuyachota na beleshi. Bakteria wa kutengeneza biogesi hawayapendi, mafuta yakizidi tope linaelea juu na gesi inapungua. Basi nikamwandikia profesa mmoja anayefanya utafiti wa maji taka nikamweleza hilo tu, na vipimo nilivyokuwa navyo kichwani (rekodi za kiwanda sikutuma, sio zangu), nikamuuliza yeye angeyatoa mafuta kwanza au angeyaingiza kidogo kidogo. Alijibu kesho yake. Swali juu ya swali.

Ndo akaniuliza masomo ya msingi: mizania ya mata na nishati, thamodinamiki, mwendo wa vimiminika, uhamishaji joto, riakta (matangi ya kuendeshea mmenyuko), na hesabu. Nilikuwa nayo nusu. Nikatoa silabasi za masomo yangu yote nikaonyesha kipi kinafanana na kipi, na ile mizania nikamweleza ninavyoifanya kila siku bila kujua jina lake, kwamba sangara akiingia kilo zake lazima zionekane kwenye minofu, mapanki (vichwa na mifupa), mabondo (vibofu vya hewa), ngozi na yanayoenda na maji, zisipoonekana kuna mtu kabeba au mzani umedanganya. Hiyo aliipenda.

GRE, ule mtihani wa kuombea masta, chuo chake hawakuitaka. Kiingereza walikubali barua ya chuo kwamba nilifundishwa kwa Kiingereza, ila chuo kingine nilichoaplai walikataa wakataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kwa hiyo soma vizuri kabla hujalipa. Barua za wahadhiri za kunipendekeza zilinitesa kidogo, mmoja anatumia imeili ya yahoo na wao wanataka ya chuo, nikambembeleza, "Dokta shikamoo, samahani ni mimi tena", mpaka akaitafuta nywila yake.

Halafu transkripti, ile karatasi ya matokeo yote. Ilitakiwa bahasha iliyofungwa na mhuri wa chuo, haijafunguliwa. Binamu kaichukua Dar akaituma kwa basi, mi nikiwa zamu ya usiku mama akaenda kuipokea stendi ya Nyegezi. Narudi asubuhi naikuta mezani inang'aa, kailamineti.

"Mama, hii bahasha umeifungua?"

"Sasa mwanangu si cheti chako, kingeloana je?"

Nikaomba nyingine, mwezi na nusu, zikabaki siku nne dirisha lifungwe.

Barua ya kukubaliwa imekuja na sharti, muhula wa kwanza nisome thamodinamiki na riakta na watoto wa digrii ya kwanza, na hayahesabiwi kwenye masta. Nimekubali. Ile transkripti ya plastiki mama kaitundika sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa, na zile C mbili za mwaka wa kwanza zinasomeka vizuri kabisa.