Kijiji cha Uingereza kilichohamishwa na kondoo

Jamani kuna kijiji kimoja Uingereza kinaitwa Wharram Percy, kiko Yorkshire, ndani ndani huko vilimani, na leo haishi mtu pale. Limebaki gofu la kanisa la Mtakatifu Martin, mnara wake nusu ulidondoka 1959, na majani yenye matuta matuta, ukiangalia vizuri unaona hapa palikuwa na nyumba, hapa njia. Mahame kabisa, kama yale ya babu zetu kule Magu baada ya Operesheni Vijiji.

Wengi wanadhani tauni ya 1348 na 1349 ndo ilimaliza kijiji. Wapi! Iliua ndio, ila watu waliendelea kukaa pale zaidi ya miaka mia. Kilichowatoa ni kondoo. Sufu ilikuwa na bei, mwenye ardhi akapiga hesabu akaona malisho yanalipa kuliko wakulima, basi kwenye 1500 hivi kaya za mwisho zikatolewa, nyumba zikaachwa zibomoke. Sisi Wasukuma tunaosemwa kila siku kwamba ng'ombe wetu wanasumbua wakulima huko tunakohamia, nilicheka kwanza halafu nikanyamaza.

Kanisa lenyewe halikufa na kijiji, watu wa Thixendale, kijiji cha jirani, walikuwa wanatembea mpaka pale kusali hadi walipojengewa lao 1870.

Sasa wachimbaji wa mambo ya kale walichimba pale kila kiangazi, 1950 mpaka 1990, na kati ya vilivyopatikana kuna shimo lenye mifupa ya watu kama kumi hivi, imekatwa na kuchomwa baada ya kufa, na haikuwa makaburini. 2017 wataalamu wakatoa majibu: meno yanaonyesha ni watu wa hapohapo sio wageni, na alama za visu ziko zaidi kichwani na shingoni, kwa hiyo ya kusema waliliwa kipindi cha njaa haikai sawa. Wanachoona wao ni kwamba wanakijiji waliogopa wafu wasije wakaamka usiku wakatembea.

Nikamsimulia shangazi, anauza dagaa pale mwaloni Kirumba.

"Kumbe na wazungu wana misukule?"

Nikamwambia shangazi, msukule unafichwa na mtu, hawa walidhaniwa wanaamka wenyewe. Akaguna, akamhudumia mteja, akanigeukia: "Na hao kondoo je, nyama alikula nani?"